Kiapo kwanza, risala baadaye: Muuguzi anasukumwa na huruma au na mshahara?

Mei 12 ya kila mwaka, ingia ukumbi wowote walimokusanyika wauguzi wa mkoa, utaona mambo mawili yakifanyika ndani ya saa moja.

La kwanza ni la mishumaa. Mapazia yanashushwa, taa zinazimwa, na wauguzi waliopiga pasi sare zao mpaka zikasimama wanapokezana moto, utambi kwa utambi, hadi safu ya nyuma. Kisha wanaapa kwa sauti moja kuwahudumia wagonjwa kwa uaminifu na kuwatunzia siri zao. Mbele wamesimama matroni na wafawidhi. Nyuma wapo wanafunzi wa vyuo, na hao ndio wanaodondokewa na nta vidoleni kwa kuwa hawajajua bado kuzungushia mshumaa karatasi.

La pili ni la risala. Taa zinawashwa, mishumaa inapulizwa, katibu wa chama anasimama mbele ya mgeni rasmi na kuanza kusoma. Posho ya sare. Madaraja yaliyokwama. Malimbikizo ya mishahara. Posho ya kuitwa kazini usiku. Nyumba za watumishi. Upungufu wa wauguzi wodini. Mgeni rasmi anapojibu husifu kwanza moyo wa huruma na wito, hupitia kidogo suala la lugha chafu kwa wagonjwa, na humalizia kwa kuahidi kuzifikisha changamoto hizo mahali panapohusika.

Makofi, kwaya, pilau.

Mambo hayo mawili yamebeba swali linaloulizwa kwenye daladala na kwenye foleni za kliniki, aghalabu kwa hasira: hivi hawa manesi wanafanya kazi kwa huruma au wanafuata hela tu? Anayeuliza huwa ana jibu lake mfukoni. Aliyeuguza mama yake mwezi mzima na kumwona nesi wa zamu akimgeuza mgonjwa kila baada ya saa chache ili asipate vidonda vya mgongo, atakuambia wapo watu wa Mungu pale. Aliyefokewa leba atakuambia wote ni walewale.

Mwanzilishi aliyelipwa na baba yake

Tuanze na mwenye siku yake. Florence Nightingale alizaliwa Mei 12, 1820. Kiapo kinachoitwa kwa jina lake hakukiandika yeye. Kiliandikwa mwaka 1893 huko Detroit, Marekani, na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter, mkuu wa shule ya uuguzi ya Farrand. Ndani yake muuguzi anaahidi maisha safi, uaminifu na kujitoa kwa walio chini ya uangalizi wake. Habari ya ujira haimo.

Mwaka 1853, kabla ya vita vya Crimea vilivyompa jina, Nightingale alikabidhiwa hospitali ndogo ya wanawake katika mtaa wa Harley, London. Aliiongoza bila kuchukua mshahara. Hilo hupenda kukumbukwa. Lisilotajwa jukwaani ni kwamba baba yake, mtu wa mali, alikuwa akimpa paundi 500 kwa mwaka.

Shule yake ya uuguzi ilipofunguliwa mwaka 1860 katika Hospitali ya St Thomas', wasichana waliojiunga walipewa malazi, chakula na paundi 10 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo, mmoja wao angehitaji miaka 50 kufikisha kile ambacho mwanzilishi alipewa na mzee wake kwa mwaka mmoja.

Simlaumu mama wa watu. Alikuwa na akili ya takwimu ambayo wizara nyingi zingemgombania leo. Ila ukweli ubaki kuwa ukweli: yeye aliweza kuukataa mshahara kwa sababu kodi ya nyumba haikuwa inamsubiri.

*"Aliweza kuukataa mshahara kwa sababu kodi ya nyumba haikuwa inamsubiri."*

Huku kwetu uuguzi wa kisasa uliingia kwa kiasi kikubwa kupitia hospitali za misheni. Miongoni mwa waliouguza humo walikuwamo watawa, watu walioweka nadhiri ya ufukara. Lakini mtawa ana nyumba. Shirika lake linamlisha, linamvisha, linamtibu na siku ikifika linamzika. Tulichofanya baadaye ni kumchukua mama mwenye watoto watatu, mume aliyepunguzwa kazi na mkopo wa SACCOS, tukamvika sare ileile na kumtegemea awe na moyo wa mtawa bila shirika la kitawa nyuma yake.

Kuna jambo jingine ambalo wanaume hatupendi kulisema. Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025, dunia ina wauguzi wapatao milioni 29.8, na kati yao takriban asilimia 85 ni wanawake. Kazi ya kumlisha, kumwogesha na kumkeshea mgonjwa imefanywa nyumbani na mama, shangazi na bibi bila malipo tangu enzi. Ndiyo maana anayeifanya hospitalini akidai chake huonekana amekosa adabu. Hakuna anayemuuliza rubani kama anarusha ndege kwa mapenzi au kwa mshahara. Mbunge naye huulizwa, lakini hapo wote tunacheka.

Eti nesi wa mshahara mdogo ndiye nesi mzuri

Swali hili limewahi kuvaa suti na kuingia chuo kikuu. Mwaka 2005 mwanauchumi Anthony Heyes aliandika katika jarida la uchumi wa afya kwamba ukipandisha mshahara wa wauguzi unaweza kuharibu kazi yenyewe. Hoja yake kwa ufupi: mshahara ukiwa mdogo, atakayekubali kazi ni yule mwenye wito, kwa sababu kwake kumhudumia mgonjwa ni sehemu ya malipo. Mshahara ukipanda, wanakuja na wasio na wito, na huwezi kuwatofautisha mlangoni.

Mwaka uliofuata wanauchumi wawili wanawake, Julie Nelson na Nancy Folbre, walimjibu. Walishangaa kwa nini ichukuliwe kwamba mwenye huruma hahitaji fedha, na anayehitaji fedha hana huruma. Mtu mwenye vyote viwili, yaani moyo na familia ya kulisha, mshahara mdogo unamfukuza kwanza. Anayebaki si lazima awe mwenye wito zaidi. Anaweza kuwa yule tu asiye na pengine pa kwenda.

Ningeuacha mjadala wa maprofesa hapo, kama si majirani zetu wa Zambia kuupima kwa vitendo.

Mwaka 2010 Serikali ya Zambia ilikuwa inaajiri kundi jipya la wahudumu wa afya wa jamii vijijini. Watafiti Nava Ashraf, Oriana Bandiera na Scott Lee walikubaliana na wizara kuhusu mabango ya tangazo la kazi. Katika baadhi ya wilaya bango lilisema: njoo uitumikie jamii yako. Katika wilaya nyingine bango lilisema: njoo ujenge taaluma yako, kuna ngazi za kupanda mpaka uuguzi na utabibu. Waliochaguliwa wote walifundishwa pamoja mwaka mzima, wakapewa kazi ileile kwa malipo yaleyale. Tofauti ilikuwa ni kile kilichowavuta tu.

Kwa mujibu wa hoja ya wito, waliovutwa na cheo walipaswa kuwa wavivu wa kutembelea kaya. Ikawa kinyume. Katika miezi 18 iliyofuata, hao wa "jenga taaluma" walitembelea kaya nyingi zaidi kwa asilimia 29.

Wapo kati ya waombaji wa kundi hilo walioonekana kujali cheo kuliko jamii, Heyes hakuota. Ila kamati za usaili, zenye watu wa kijiji na wa kituo cha afya, ziliwachuja. Waliobaki walikuwa na uwezo mkubwa zaidi darasani, na kujali kwao watu hakukuwa nyuma ya wenzao. Kumbe wasiofaa wanaweza kubainika mlangoni, ilimradi mlangoni pawepo mtu wa kuangalia.

Beseni la mama mjamzito

Upande wa mgonjwa nao una haki ya kusikilizwa, na usikilizwe bila kukatizwa.

Tazama mjamzito anayekaribia siku zake. Sera inasema huduma za uzazi katika vituo vya umma hazilipiwi. Lakini ndani ya beseni alilopanga na mama mkwe kuna glovu, pamba, wembe, vibanio vya kitovu, mpira wa kutandika kitandani, kanga za kutosha na sabuni. Kliniki ndiko alikoelezwa ajiandae, maana vifaa huwa vinaisha.

Uchungu umemshika saa nane usiku. Bodaboda imemfikisha getini. Anayempokea ni mtu mmoja mwenye sare, na mtu huyo ndiye atakayemuuliza: glovu ziko wapi? Kama hazipo, ndugu atumwe duka la dawa la ng'ambo ya barabara. Bohari ya dawa haimjui. Bajeti ya halmashauri hajawahi kuiona. Anayemwona ni nesi, na kwa hiyo nesi ndiye aliyemnyima glovu.

Hapo ndipo maneno yanapotoka, kutoka pande zote mbili.

Katika Mkoa wa Tanga, watafiti waliwahoji akina mama waliojifungua katika vituo vya wilaya za Korogwe na Muheza. Wakiwa wanatoka wodini, takriban asilimia 19 walisema walidharauliwa au kunyanyaswa kwa namna fulani: kufokewa, kupuuzwa, kudhalilishwa, wengine kupigwa. Akina mama walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, waliosema hivyo walifika asilimia 28. Pale hospitalini walikuwa bado wamembeba mtoto mchanga na wanajua watarudi kliniki kwa watu walewale. Nyumbani, mbele ya chai, ulimi ulifunguka.

Hayo hayasafishwi na risala yoyote. Mama aliyepigwa kofi akiwa kwenye uchungu hajali posho ya sare ya aliyempiga, na hapaswi kujali.

*"Nyumbani, mbele ya chai, ulimi ulifunguka."*

Lakini angalia kilichofuata huko huko Tanga. Mradi ulioitwa Staha uliingia katika wilaya moja, nyingine ikaachwa kwa ajili ya kulinganisha. Mshahara wa mtu haukuguswa. Halmashauri, wananchi na watumishi walikaa pamoja, wakaandika mkataba wa huduma kwa mteja na kuubandika ukutani. Hospitalini watumishi wenyewe wakatafuta dosari zao. Mapokezi ya wajawazito yakahamishiwa chumba cha faragha. Mapazia yakawekwa kati ya vitanda. Vifaa vinavyokosekana vikaandikwa hadharani, ili mgonjwa ajue kwamba glovu hazipo kwa kweli, hazijafichwa kabatini. Mtumishi aliyemtendea vibaya mgonjwa aliitwa na kushauriwa. Akina mama waliulizwa wakati wa kutoka walihudumiwaje. Na watumishi wakawekewa chai.

Uwezekano wa mama kuripoti kunyanyaswa ukapungua kwa asilimia 66.

Chai na mapazia. Mtu wa risala ataumia kusikia hivyo, kwa sababu mgeni rasmi anaweza kuikamata hoja hii na kusema: kumbe si mshahara! Asiharakishe. Soma tena orodha ile. Kila kilichomo ni gharama ya mwajiri aliyoacha kuilipa, na nesi akawa anailipia kwa jina lake mbele ya wagonjwa.

Fedha ilipojaribiwa Pwani

Fedha nayo ilijaribiwa, tena waziwazi. Mwaka 2011 Mkoa wa Pwani ulianza majaribio ya malipo kwa ufanisi, kwa msaada wa Serikali ya Norway. Kituo kikifikia malengo ya huduma za mama na mtoto, watumishi na kituo chao wanapata bahasha juu ya mshahara.

Tathmini iliyohusisha Taasisi ya Afya Ifakara ilionesha kwamba akina mama wanaojifungulia vituoni waliongezeka kwa pointi za asilimia 8.2 kuliko wilaya za kulinganishia, na wajawazito waliopewa dawa za kuzuia malaria waliongezeka kwa pointi 10.3. Waliotozwa fedha wakati wa kujifungua walipungua. Huduma nyingine nyingi zilizolengwa hazikusogea kwa kiasi cha kuonekana.

Kwa hiyo fedha inasogeza mambo, lakini si yote. Inasogeza kile ambacho mtumishi anaweza kukifanya kwa mikono yake akiamua. Kama dawa haipo stoo, umpe bahasha nene kiasi gani, atamwambia mgonjwa vilevile: imeisha, kanunue nje.

Jirani aliyeweka kitambaa chini

Kenya wao walilipeleka swali barabarani. Juni 5, 2017 wauguzi wa hospitali za umma waligoma, wakiongozwa na chama chao cha kitaifa ambacho katibu wake mkuu alikuwa Seth Panyako. Walirudi kazini Novemba 2. Katikati ya miezi hiyo mitano nchi ilipiga kura ya urais Agosti 8, Mahakama ya Juu ikaifuta, na kura ikapigwa tena Oktoba 26. Wodi zilikuwa bado tupu. Madaktari nao walikuwa wametoka kwenye mgomo wao wa siku 100 Machi mwaka huohuo.

Mzizi wa ugomvi ulikuwa mkataba wa pamoja ambao haukuwa na mwenyewe. Katiba ya 2010 iliihamishia huduma ya afya kwa kaunti 47, na kuanzia 2013 magavana ndio waajiri wa wauguzi. Chama kilikuwa kinadai marupurupu, magavana wakiitazama Nairobi, Nairobi ikiwatazama magavana, na Tume ya Mishahara ikisema mzigo haubebeki.

Mwenye fedha alikwenda hospitali binafsi. Asiye nazo alijazana hospitali za misheni, au alikaa nyumbani. Wapo waliowaita wauguzi wauaji. Wauguzi nao walijibu kwamba wagonjwa walikuwa wakifa hata kabla ya mgomo, ila kwa utulivu.

Kauli hiyo ni kali, na nisingeipitisha kama si utafiti uliofanyika Kilifi. Watafiti walipitia migomo sita ya watumishi wa afya ya kati ya 2010 na 2016, mgomo mrefu kuliko yote ukiwa wa siku 42, katika eneo ambalo kila kifo kinaandikwa. Hawakuona ongezeko la wazi la vifo kwa ujumla wakati wa migomo. Matokeo hayo yanaweza kusomwa kwa namna mbili. Moja ni kwamba migomo ile haikuua watu wengi kama inavyodhaniwa. Nyingine inatisha zaidi: kwamba hospitali zilipokuwa wazi, kwa baadhi ya watu, tofauti ilikuwa ndogo. Mgomo wa 2017, mrefu mara kadhaa, haukuwa ndani ya hesabu hiyo, na mtu asiutumie utafiti wa Kilifi kuuosha.

Tanzania njia hiyo imefungwa. Sheria ya Ajira na Uhusiano Kazini ya mwaka 2004 inazitaja huduma za afya miongoni mwa huduma muhimu ambazo waliomo hawaruhusiwi kugoma. Pengine ndiyo sababu risala zetu ni ndefu.

Muuguzi mmoja, watoto 15

Kuna utafiti mmoja wa Nairobi ambao kila anayehukumu moyo wa nesi angepaswa kuufahamu kwanza. Kati ya 2017 na 2018, waangalizi walikaa kwenye wodi za watoto wachanga wagonjwa na kuandika, mtoto kwa mtoto, kila huduma aliyopaswa kupewa na kila aliyopewa: kupimwa joto, kulishwa kwa mrija, kugeuzwa, kuangaliwa kama anapumua vizuri. Kwa wastani watoto walipata takriban asilimia 60 ya uuguzi waliostahili. Katika hospitali za umma muuguzi mmoja alikuwa na wastani wa watoto 15.

Hebu fanya hesabu ya kawaida. Zamu ni ya saa 12. Watoto 15, kila mmoja alishwe kila baada ya saa tatu, kwa mrija, taratibu, maana maziwa yakiingia haraka yanaweza kwenda mapafuni. Ukitumia dakika 10 tu kwa mtoto, raundi moja ya kulisha imekula saa mbili na nusu. Imebaki nusu saa kabla ya raundi nyingine, na humo ndani umo kuchoma sindano, kubadilisha dripu, kupokea mtoto mpya kutoka leba, kuandika mafaili, na kumjibu mama anayeuliza kwa nini wake hajaguswa.

Katika zamu ya namna hiyo huruma inafanya kazi gani? Inachagua. Nesi mwenye moyo anajua nani amemruka, na anakwenda nyumbani na orodha hiyo kichwani. Baada ya miaka kadhaa, wengine wanajifunza kutoiona orodha. Sisi tukikutana na huyu wa pili tunasema hakuwahi kuwa na wito.

Na hapa ndipo mshahara unaporudi kwa mlango wa nyuma. Katika miji yetu si ajabu kumkuta muuguzi anayetoka zamu ya usiku hospitali ya serikali na kuingia ya asubuhi hospitali binafsi, kisha jioni yupo duka la dawa. Si siri, wenzake wanajua na mfawidhi anapanga ratiba kwa kumzingatia. Mshahara wa kwanza ni wa kodi na chakula, wa pili ni wa ada za watoto. Mgonjwa wa hospitali ya pili anapata mtu aliyekesha. Mtu aliyekesha hukosea dozi, husahau jina la mgonjwa, hujibu mkato. Ukimwongezea mshahara wa kazi ya kwanza hutakuwa umemnunulia upole; utakuwa umemrudishia usingizi, na upole atautoa mwenyewe kama alikuwa nao.

Msimamo wangu ni huo. Wanaosema "kwanza huruma, fedha baadaye" wamezoea kulitumia neno wito kama fungu la bajeti. Wanaosema "tulipeni kwanza, lugha nzuri mtaiona" nao hawana ushahidi, maana Tanga lugha ilibadilika bila nyongeza ya senti, na wapo wanaolipwa vizuri wenye ulimi wa shubiri. Nyongeza zimekuwapo: Mei Mosi ya 2025, pale Singida, kima cha chini cha mshahara wa utumishi wa umma kilitangazwa kupanda kwa asilimia 35.1, kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000. Ni jambo jema. Ila halikuongeza mtu wa pili katika zamu ya usiku.

Wasio na cheki namba

Mtu huyo wa pili yupo, tena amesoma.

Aprili 2017 uhakiki wa vyeti uliibua majina 9,932 ya watumishi wa umma wenye vyeti vya kughushi, na sekta ya afya haikupona. Kabla ya hapo ajira zilikuwa zimesimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Vyuo havikusimama, viliendelea kutoa wahitimu kila mwaka. Ajira zilipofunguliwa kwa wingi, kama zile nafasi 7,612 za kada za afya za mwaka 2022, waliokuwa wanasubiri walikuwa wengi kuliko nafasi.

Wanaosubiri hawakai nyumbani. Ingia hospitali nyingi za wilaya leo, utawakuta: wanaojitolea. Wamevaa sare kama wengine, wamo kwenye ratiba kama wengine, na zamu za usiku wanapangiwa kama wengine, pengine zaidi. Hospitali yenye mapato yake ya ndani huwapa nauli. Isiyo nayo huwapa barua ya utambulisho, ambayo siku ya usaili inaweza kusaidia au isisaidie. Wapo waliomaliza mwaka wa pili wakiwa hivyo, wa tatu.

Mama aliyelazwa hajui nani ana cheki namba, yaani yumo kwenye orodha ya mishahara ya serikali, na nani hana. Anaita "dada" na anayekuja ndiye.

Ukitaka kupima huruma isiyo na mshahara, kipimo ni hicho, kipo wodini sasa hivi na hakihitaji watafiti kutoka nje. Wanaosimamia wodi wanajua kinachotokea: kijana anaanza kwa bidii ya kushangaza, anawahi, anajifunza, anabaki baada ya zamu kumalizia mafaili. Kisha nauli inachelewa. Anaanza kuomba ruhusa Ijumaa. Anapata kibarua duka la dawa. Anapungua siku baada ya siku, na hatimaye jina lake linafutwa kwenye ratiba kwa kalamu ya wino, bila barua, kwa kuwa hata alipoingia hakuna mkataba uliosainiwa.

Alipokuwa hapo, leseni yake ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ilihitaji kuhuishwa kama ya muuguzi mwingine yeyote, pamoja na pointi za mafunzo endelevu. Ada aliitoa mfukoni mwake, au mwa mama yake.